Mikono Isiyopigwa Pasi

Watu walimwita Kastabini, na wala hakuudhika. Kastabini ni kile kikofia kidogo cha chuma ambacho fundi wa nguo anakivika kwenye ncha ya kidole cha kati ili sindano isimtoboe anapoisukuma, na huyu mama alikuwa hakivui. Aliingia nacho dukani kununua sabuni, alijaza nacho fomu benki, na mara moja alikwenda nacho mpaka harusini, kikang'aa kuliko pete ya bibi harusi, ikawa ndiyo kicheko cha meza nzima. Alicheka na yeye mpaka akafuta machozi kwa pindo la mtandio. Wakati huo alikuwa bado na mtu wa kucheka naye.

Kazi yake ilikuwa moja tu: matundu ya vifungo. Suti hakushona, magauni ya watu hakushona. Mafundi wa mtaa mzima walishona wao, kisha wakamletea koti alitoboe matundu na kuyazungushia uzi kwa mkono, mshono ukiulalia mshono. Utasema mashine inalimaliza tundu kabla hujapiga chafya. Sawa, nani hajui? Lakini tundu la mashine linafumuka koti likiwa bado jipya, na la Kastabini lilidumu hata koti lenyewe lilipokuwa limeshageuka tambara la kufutia baiskeli. Alikuwa na haki ya kuringa, na aliringa.

Tena alikuwa na mwiko mmoja. Koti ambalo halijapigwa pasi halikuonwa na jicho la mteja. Ukija kabla ya wakati, analifunika kwa shuka na kukwambia urudi saa kumi, uwe nani uwe nani. Hakimu mzima alirudishwa mlangoni na mkoba wake mkononi, akaenda kukaa ndani ya gari lake amenuna.

"Kwani akiliona lina mikunjo atakufa?" mwenzake alimuuliza siku hiyo.

"Hatakufa. Lakini atakuwa ameshaliona," Kastabini alijibu, akaendelea kupuliza vumbi kwenye pasi.

Huyo mwenzake, fundi wa cherehani ya pili chumbani humo, aliitwa Sindano. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na ulimi wake nao ulikuwa unatoboa. Miaka kumi na tisa walikaa ubavu kwa ubavu katika chumba cha mbele cha nyumba ya Kastabini, dirisha moja la kuwatosha wote wawili, birika moja la chai, na redio moja waliyoigombania kila siku iendayo kwa Mungu. Mume wa Kastabini alipofariki, Sindano ndiye aliyemnywesha uji siku kumi. Mwanawe wa pekee alipopata kazi mji wa mbali akahama na mkewe, Sindano alisema, "Haya bibi, tumebaki sisi na cherehani zetu, na hizi hazipati uhamisho." Basi maisha yakaenda.

Kisha, asubuhi moja, kastabini iligoma kuingia.

Aliichukua mezani kama kawaida, akaitia kidoleni, ikafika kwenye kiungo cha mwisho, kile kilicho jirani na ukucha, ikakwama. Akaisukuma. Loo! Aliona nyota mchana kweupe. Kiungo kilikuwa kimevimba, ngozi imewamba, na ukikigusa ni cha moto. Alidhani amejichoma bila kujua na usaha unatunga, akakiloweka kwenye maji ya chumvi angoje kitumbuke. Hakikutumbuka. Baada ya wiki mbili kilitulia, kikaacha kinundu kigumu kama punje ya dengu chini ya ngozi, na moto ukahamia kidole cha pembeni. Alinunua kastabini kubwa zaidi. Sindano alipouliza, akamwambia ile ya zamani imepotea.

Mtu mwenye akili timamu angesema tu, "Shoga, kidole kinaniuma." Lakini Kastabini alikuwa na sababu yake, na ilikuwa sababu nzito. Dada yake mkubwa alikuwa na baridi yabisi. Ugonjwa ule ulimwanzia kwenye vifundo vya mikono na vya ngumi, ukamlaza vidole vyote upande mmoja, ukamshuka mpaka magotini. Kastabini ndiye aliyemlisha kwa kijiko na kumchana nywele miaka tisa, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mpaka siku alipomzika. Aliijua ile njia kituo kwa kituo. Kwa hiyo kiungo cha tatu kilipovimba, kisha cha nne, hakungoja kuambiwa na mtu. Alijisemea kwamba sasa ni zamu yake. Na akaapa Sindano asijue, maana Sindano angejua angemwonea huruma, na Kastabini alikuwa radhi afe na tai shingoni.

Akawa mjanja. Asubuhi, vidole vinapokuwa vimekaza, alipanga nyuzi au akajitia anatafuta mkasi. Kazi ya sindano aliisogeza mchana. Birika alilibeba kwa viganja viwili. Mtu akinyoosha mkono kumsalimu, mara ana shuka mikononi, mara ana unga, mara anapunga kwa mbali kama mgombea wa uchaguzi. Watu wakaanza kusema siku hizi Kastabini anajisikia. Naye aliyasikia maneno hayo, akayaacha yapite, kwa kuwa yalimfaa.

Halafu mama yake Sindano akafariki.

Msibani wanawake walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja anampa Sindano mkono na kusema, "Pole," naye anajibu, "Nimeshapoa," kama watu wote wanavyojibu, wawe wamepoa au hawajapoa. Ilikuwa asubuhi, tena moja ya zile asubuhi mbaya. Vidole sita vilikuwa vinapwita. Kastabini alikuwa amemwona Sindano anavyowashika wenzake. Kwa uchungu aliokuwa nao, alikuwa anawakamua mikono kama nguo zilizotoka kufuliwa. Zamu ya Kastabini ikafika. Sindano alipoona ni yeye, aliinuka kwenye mkeka, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine, akamnyooshea mikono yote miwili.

Kastabini akairudisha yake ndani ya mtandio.

Haki ya Mungu hakukusudia. Mikono yenyewe ilikimbia, kama inavyoikimbia sufuria ya moto. Lakini nani angejua? Wanawake wote waliona, na mashangazi wa Sindano waliona. Mikono ya Sindano ilibaki hewani mitupu, kisha ikashuka taratibu. Kastabini alifungua kinywa aseme neno, neno halikuja, na foleni nyuma yake ikaanza kumsukuma. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya maji, akakaa huko mpaka watu walipoanza kuondoka.

Siku ya kumi Sindano alikuja na mkokoteni. Hakugombana; afadhali angegombana. Alifungua cherehani yake iliyokuwa imekazwa sakafuni, akachukua mkasi wake na kikombe chake, akasema, "Asante kwa miaka yote hii," akaenda zake. Pale ilipokuwa cherehani yalibaki matundu manne ya skrubu na mraba wa saruji ambayo haikuwahi kukanyagwa. Kastabini hakuweka kitu pale. Hata alipofagia, alipazunguka.

Redio sasa ilikuwa yake peke yake, na hakuifungua. Chai aliendelea kupika ya watu wawili, na kikombe cha pili kilipoa mpaka kikafanya utando. Kuna siku sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mara ya kwanza saa kumi jioni, fundi fulani alipokuja kuchukua koti, ikatoka imekwaruza mpaka akaona haya. Aliteseka, nakwambia, na aliteseka kimya. Angeweza kwenda kwa Sindano akajieleza? Angeweza. Kwa Sindano ni mtaa wa pili tu, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Lakini kujieleza kulitaka kutoa mikono nje, na mikono ilikuwa ndiyo siri yenyewe. Alipita ng'ambo ya barabara mara mia, akitazama viatu vyake.

Jumapili mwanawe alipiga simu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo mwanangu."

"Kazi?"

"Inaenda."

"Mama, acha ubishi, hamia kwetu. Chumba cha nyuma kipo, kina kitanda, kina kila kitu."

"Nitafikiria."

Alikijua chumba cha nyuma. Si yeye mwenyewe aliyempa dada yake chumba cha nyuma, kwa mapenzi yote, na dada akaingia asitoke tena? Hakutaka. Lakini koti lililokuwa likimchukua siku moja sasa lilimchukua siku nne, na kastabini ya tatu, ya ukubwa wa kiume, nayo ilianza kubana. Siku moja aliangusha sindano, akapiga magoti aiokote, akashindwa. Aliisukumasukuma sakafuni kwa vidole vilivyokataa kukutana, mpaka ikaingia kwenye moja ya yale matundu manne ya skrubu. Hapo akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Basi. Kama ni ule wa dada niambiwe. Nikiambiwa, nauza cherehani, nakwenda kwa mwanangu." Alishindwa kuinuka mara ya kwanza, akainuka mara ya pili.

Haya, akaenda zahanati. Na sasa sikiliza alivyokwenda. Alingoja vidole vifunguke. Akailoweka mikono kwenye maji ya moto nusu saa, akameza vidonge viwili vya maumivu, akajipaka mafuta mpaka ngozi ikalainika, akakata kucha. Saa tisa alasiri akafika mbele ya daktari, uvimbe umelala, mikono inameta. Umeshaona alichokifanya? Ndiyo, aliipiga pasi.

"Hujambo mama?"

"Sijambo, daktari," akajibu. Niambie, mtu anapanga foleni saa mbili nzima kwenda kumwambia daktari kwamba hajambo!

Daktari aligusagusa vinundu akatabasamu. "Hivi ni vya umri, mama. Umekula chumvi nyingi." Akamwandikia dawa ya kuchua. Miezi miwili baadaye alirudi, akaloweka tena, akapaka tena. Safari hii walimpima damu kutafuta baridi yabisi, na majibu yakaja safi. Akaambiwa hana kitu. Alirudi nyumbani na karatasi inayosema hana kitu, akakaa mlangoni kwake robo saa akishindwa kuzungusha ufunguo, mpaka jirani alipopita akamfungulia.

Ungedhani angefurahi kwa ile karatasi. Hakufurahi hata chembe. Ukiumwa na watu wakajua, angalau mnaumwa pamoja kidogo. Yeye aliumwa, na serikali yenyewe ikapiga muhuri kwamba haumwi. Alirudi zahanati mara ya tatu, akawaambia kwa ukali kwamba hatoki pale mpaka apewe barua ya hospitali kubwa, wakampa ili awapishe.

Daktari wa viungo wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, na kifungo cha mkono wa koti lake jeupe kimeshikiliwa na uzi mmoja tu. Kastabini alikiona kabla hajaketi, na kilimkera.

"Habari za mikono, mama?"

"Nzuri tu."

Daktari aliishika. Ilikuwa imelowekwa na kupakwa kama kawaida yake. Akaigeuza, akasoma karatasi za zahanati, kisha akaacha karatasi akamtazama mwenye mikono, toka juu mpaka chini, bila haraka.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa matundu ya vifungo. Kwa mkono. Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Na gauni hili umeshona mwenyewe?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Mbona halina kifungo hata kimoja?"

Kastabini akajitazama. Gauni lilikuwa la kuvalia kichwani, na mpira kiunoni. Viatu vilikuwa vya kutumbukiza miguu. Mkoba ulikuwa wazi, hauna zipu. Na si hilo gauni tu. Kabati lake zima lilikuwa hivyo. Mwaka mzima alikuwa amefumua vifungo vya nguo zake kimoja baada ya kingine, kwa sababu asubuhi hakuweza kuvifunga na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumfungia. Wala hapakuwa na mtu wa kuona kwamba havipo.

"Asubuhi vinakushinda," daktari akasema.

"Vinanishinda."

"Muda gani mpaka vidole vifunguke?"

"Naweka maji jikoni, yanachemka, nakunywa chai, inaisha. Hapo ndipo vinaanza kutii."

"Na leo, kabla ya kuja hapa, umeifanya nini hii mikono?"

Akaeleza. Maji, vidonge, mafuta. Akaeleza na zile safari za zahanati, na ugonjwa wa dada yake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akajishika kichwa.

"Jamani mama! Sasa wale wangeona nini?"

"Siwezi kuleta kazi mbele ya watu haijapigwa pasi," Kastabini akajitetea, na sauti yake ikawa ndogo.

"Hiyo si kazi, ni mikono yako. Kesho njoo saa mbili asubuhi. Usiloweke, usimeze kitu, usipake kitu. Niletee ilivyoamka."

Kesho yake alitoka nyumbani ameificha ndani ya mtandio kama kitu cha wizi. Alipoitoa mezani aligeuza uso ukutani. Viungo vya ncha na vya katikati vilikuwa vimevimba, vingine vimeiva kabisa, vidole viwili vimeanza kupinda upande. Daktari alivuta kiti karibu akaanza kuminya kiungo kimoja kimoja, polepole, huku akimtazama yeye usoni. Vifundo vya mikono. "Hapa?" Hapana. Vifundo vya ngumi. "Hapa?" Hapana. Viungo vya katikati, na Kastabini akavuta pumzi kwa meno. Viungo vya ncha, akauma mdomo. Shina la kidole gumba. "Hapo, daktari, hapo hapo!" Kisha daktari akamkagua kucha, na ngozi ya viwiko na nyuma ya masikio, akisema kuna ugonjwa wa ngozi wa magamba ambao huweza kuingia kwenye viungo, lakini hakuuona. Akauliza kidole gani kilianza na lini.

Kastabini akaingiza mkono mkobani, akatoa kastabini zake tatu, akazipanga mezani kwa ukubwa. Hii alivaa mpaka miaka miwili iliyopita, kidole cha kati. Hii mwaka jana. Hii sasa. Daktari alizitazama, akachukua kalamu akaandika yote, na akasema wagonjwa wenye kumbukumbu namna ile ni wachache.

Aliporudi kuushika mkono wa kushoto, Kastabini akaanza kulia.

"Nimekuumiza?"

"Hapana."

Hakudanganya. Ni kwamba tangu msibani hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono ambao haujalowekwa na kupakwa. Mwaka na miezi miwili. Alilia kwa hilo, tena alilia kwa sauti, na daktari hakuiachia mikono mpaka alipomaliza.

Wakampiga picha za eksrei, akarudi na bahasha kubwa. Daktari akatundika picha kwenye kisanduku cha taa, mifupa ikatokea myeupe.

"Dada yako ulisema alianzia wapi?"

Kastabini akaonyesha vifundo vya mkono na vya ngumi.

"Vyako hivi hapa. Unaona nafasi kati ya mfupa na mfupa? Safi. Baridi yabisi hupenda kuanzia huku, na hutafuna mfupa pembeni, kama panya na mkate. Sasa njoo nchani." Huko nafasi haikuwepo. Mifupa ilikuwa imegusana, imelika katikati, na kingo zimeinuka, ungesema ni ndege mdogo amekunjua mabawa, vile watoto wanavyomchora. "Huu unakula katikati. Ni kuchakaa kwa viungo, mama, ila aina yake kali, ile inayovimba na kuwaka. Huwapata zaidi wanawake wa rika lako. Kwenye kile kipimo cha damu hauonekani. Ilibidi mtu aione mikono ikiwa inawaka, ajue ni viungo vipi, halafu aone picha."

"Si wa dada?"

"Si wa dada."

Kastabini alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo nitapona."

"Sikudanganyi. Mfupa ulioliwa haurudi, na dawa ya uhakika ya kuzuia usiliwe bado hatuna. Moto tutautuliza. Nitakupa kibano cha kupumzisha kidole gumba, kuna mazoezi, na yale maji yako ya moto endelea nayo, ila si siku ya kuja kwangu. Viungo vingine vitakakamaa, na vikikakamaa mara nyingi huacha kuuma. Matundu madogo ya mashati, hayo utayaaga. Ya makoti, kwa sindano nene na kwa mapumziko, utashona bado." Akazima taa ya kisanduku. "Nyumbani yuko nani wa kukusaidia?"

"Hakuna," Kastabini akasema.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Daktari, hicho kifungo chako hakifiki jioni." Daktari alikitazama, akacheka, akakivuta, kikabaki mkononi.

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Cherehani haiuzwi, hilo lilikuwa limekwisha, na alipaswa kufurahi, na alifurahi kama hatua ishirini. Halafu akajiuliza, anakwenda kuifurahia habari hii na nani? Kumbe ile njia ya dada haikuwa yake. Kumbe mwaka mzima aliomficha Sindano, alimficha kitu ambacho hakikuwepo, na kwa kukificha akapoteza kilichokuwepo. Alisimama barabarani, watu wakampita kushoto na kulia. Mikono ilikuwa bado haijalowekwa. Akajua kwamba akifika nyumbani ataweka maji jikoni, atailoweka, italala, naye atasema kesho. Kwa hiyo hakwenda nyumbani.

Sindano alikuwa kibarazani kwenye duka la vitambaa, ameinamia suruali. Aliinua macho, akamwona Kastabini anavuka barabara kuja upande wake, akayarudisha kwenye mshono.

"Karibu," akasema, kwa ile sauti ya kukaribisha mteja yeyote. "Una kazi?"

Kastabini akaegemeza bahasha ukutani. Akaitoa mikono kwenye mtandio, akailaza juu ya ubao wa cherehani, mbele ya macho ya mwenzake, kwenye mwanga. Sindano akaacha kukanyaga. Aliitazama kidole kwa kidole, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Tangu lini hii?"

"Kabla ya mama kufariki. Siku ile ya msiba ilikuwa hivi. Ilikuwa hivi hivi unavyoiona."

"Mwaka mzima nimewaambia watu ulinionea kinyaa."

"Najua."

"Mwaka mzima!" Sindano akapiga ubao kwa kiganja. "Ungeniambia ningekushika kiwiko, mpumbavu wewe! Ningekushika hata sikio! Ulishindwa nini kunionyesha?"

Lile neno la pasi lilimjia Kastabini ulimini, akalimeza, akaona halina maana yoyote. Lililobaki lilikuwa lile moja alilokwenda nalo msibani akarudi nalo.

"Pole na msiba wa mama," akasema.

Lilikuwa limechelewa mwaka na miezi miwili. Alingoja lile jibu wanalolitoa watu wote, ageuke aende zake. Sindano hakulitoa. Alipitisha viganja vyake chini ya ile mikono iliyovimba, hakuiminya, aliibeba tu.

"Sijapoa," akasema. "Sijapoa hata kidogo. Kaa."

Kiti cha pili hakikuwepo pale kibarazani. Kastabini akakaa juu ya robota la vitambaa, mikono akaiacha palepale.